Salamu Hazijaisha

“Umemwambia mimi mzima!”

“Wewe ndiye uliyeniambia u mzima.”

“Nilikuwa nakusalimu, Bwana Makame! Nakusalimu!”

“Na mimi nikatafsiri salamu. Mimi natafsiri, bibie, sibuni. Nimekuuliza hujambo, ukasema sijambo. Za nyumbani? Salama. Mtoto? Mzima. Kazi? Tunashukuru. Nikakuuliza mpaka usingizi, kwa hisani yangu tu, maana usingizi wako si kazi yangu. Ukasema alhamdulillahi, tunalala. Sasa ulitaka nimwambie nini yule mama wa dirishani? Kwamba unakufa?”

“Ndiyo!”

Neno lile likapaa hadi darini, likazunguka taa, likarudi chini limechoka. Watu wa foleni wakageuka kidogo, kisha wakatazama pembeni haraka, kwa sababu katika nchi ile kuangalia ugomvi wa wengine ni kukosa adabu. Siwatu, mwenye kelele hiyo, aliliona hilo kuwa la kusikitisha kuliko yote. Kwao ugomvi kama huu ungekuwa umeshapata waamuzi, mtu wa kumshika mkono, na mama mmoja wa kuleta maji ya kunywa huku anauliza kisa kimeanzaje.

Akamwinulia Bwana Makame mkono wa kulia. Nyuma ya kiganja pameng’aa muhuri wa buluu, wino bado mbichi, ukisema kwa lugha ya nchi ile: MZIMA.

“Hebu ona. Nimegongwa kama paja la ng’ombe machinjioni. Nikija nagongwa. Jumanne iliyopita hapa, Jumanne ya kabla yake hapa, leo nimekosa hata pa kuvaa pete.”

“Hakuna Jumanne iliyopita,” akasema Bwana Makame. “Humu ndani ni Jumanne ileile.”

Na hapo hakusema uongo. Nyumba ya Madirisha, ndivyo hospitali ile ilivyoitwa, ilikuwa na siku moja tu, na siku hiyo ilitosha watu wote. Ukiingia asubuhi ni Jumanne. Ukitoka ukarudi baada ya mwezi unakuta kikombe cha kahawa cha mlinzi bado kinafuka moshi. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mmoja, nao ulisogea pale tu mtu alipoacha kuutazama. Kuhusu nchi yenyewe, ilikuwa na jina, lakini hakuna mgeni aliyewahi kulitamka mpaka mwisho bila kupiga chafya, kwa hiyo wageni waliiita Huku. Kwao waliita Kule. Maisha yao yote yalikaa kati ya maneno hayo mawili, na katikati hapakuwa na pa kuketi.

Isipokuwa kwenye benchi. Na kwenye benchi alikuwa ameketi Mgeni, anakula biskuti.

Huyu Mgeni inafaa aelezwe mapema, maana bila yeye Siwatu asingekuwa na haja ya dirisha lolote. Alikuja siku jua la Huku lilipokunjwa na kuwekwa stoo, kama wanavyofanya kila mwaka majani yakishapukutika. Alibisha hodi. Siwatu, mtu aliyelelewa akaleleka, aliitika karibu kabla ya kuuliza nani. Akaingia mwanamke asiye na mzigo wala viatu, wa umri wowote ule, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na kipasha joto, akasema, “Nimechoka.” Basi. Siwatu akamchemshia chai ya iliki. Mtu wa Huku akigongewa na kiumbe kama yule angechungulia kwenye tundu la mlango na kumuuliza ana miadi na nani. Siwatu hakulelewa na tundu la mlango. Kwao mgeni haulizwi anaondoka lini. Anaulizwa anakula nini.

Mgeni alikula kila kitu. Akapewa kitanda, Siwatu akahamia kwenye kochi. Akapewa blanketi zito, Siwatu akajifunika kanga mbili na koti la kazini. Asubuhi, Siwatu alipokwenda kukunja mashuka katika ile hoteli kubwa, Mgeni alimfuata na kukalia mashuka yaliyokwisha kukunjwa, yakawa mazito hata mkokoteni ukagoma kwenda. Msimamizi akauliza mashuka yana nini. Siwatu akasema hayana kitu. Ungemjibuje mzungu wa watu kwamba mashuka yamekaliwa na mgeni wako, tena hujamaliza kumkirimu?

Na kadiri Mgeni alivyonenepa, Siwatu alikonda. Kisha Mgeni akaanza kufanana. Kwanza alivaa kanga ya Siwatu, ambalo si kosa, mgeni huazimwa nguo. Halafu akaota baka dogo chini ya sikio, pale pale palipo na baka la Siwatu. Halafu akapata kikohozi chake. Siku moja Siwatu alipita mbele ya kioo cha bafuni akakuta kimeshapata mtu. Ikabidi angoje zamu.

Hayo yote angeyavumilia. Mtu huvumilia mengi kwa kuogopa kuonekana mchoyo. Kilichomleta kwenye dirisha ni simu.

Siwatu alikuwa na mtoto Kule, Tunu, wa miaka tisa, aliyekaa na bibi yake. Tunu hupiga simu akirudi shule, kabla hajavua soksi. Siku hiyo simu ililia Siwatu ameketi ukingoni mwa bafu, miguu imekataa kusimama, si kwa maumivu, imekataa tu. Akamsikia Mgeni anapokea kule sebuleni. “Marahaba mwanangu. Mimi mzima. Kula vizuri. Soma vizuri. Haya, msalimie bibi.” Na kilichomtoa Siwatu jasho katika baridi ile si kwamba Mgeni alijibu. Ni kwamba alijibu vilevile. Neno kwa neno, yale yale ambayo Siwatu mwenyewe angesema. Tunu hakushtuka. Akasema haya mama, akakata.

Kitu kimoja tu Mgeni alikuwa hajakijua. Siwatu humwita mwanawe Kisamvu, kwa sababu alipokuwa mchanga alikataa maziwa, alikataa uji, akakubali kisamvu. Jina hilo hakuna mwingine anayelitumia. Siku Mgeni atakapolipata, Siwatu alijua, yeye hatakuwa na kazi tena duniani. Ataketi ukingoni mwa bafu mpaka nyumba ibomolewe, na mtoto wake atalelewa kwa simu na mtu asiyejulikana alikotoka.

Ndiyo maana alisema ndiyo, tena kwa sauti, pale Bwana Makame alipomuuliza kama anakufa.

Bwana Makame alikohoa. Alikuwa mtu wa kisiwani, mfupi, kofia ya kiua imemkaa sawasawa, na koti la kijivu lililomzidi kimo kana kwamba alilinunua akitarajia kukua. Kifuani alibandika beji ya ukalimani. Kazi yake ilikuwa kusimama baina ya watu wa Kule na madirisha ya Huku na kupitisha maneno.

“Sasa kama unakufa,” akasema kwa upole kidogo, “kwa nini usianzie hapo?”

“Nianzie hapo? Mtu nimekuta amesimama, mtu mzima na kofia yake, umenisalimia vizuri, umeniuliza mimi wa kina nani, nikakwambia, ukasema kumbe unamjua shangazi yangu Mashavu aliyekuwa akiuza bagia karibu na stendi. Tukacheka. Ukaniuliza bado yupo, nikasema yupo, miguu tu. Sasa katikati ya bagia za shangazi Mashavu niseme, samahani, nataka kufa?”

“Hapana, hapo haingii.”

“Ndiyo nikawa nangoja salamu ziishe. Na salamu zilikuwa hazijaisha. Yeye kule ndani kaona midomo yetu imesimama kidogo, kakuuliza, ‘Anasemaje?’”

“Nikasema, anasema hajambo.”

“Akanigonga!”

“Akakugonga,” akakubali Bwana Makame. “Ana mkono mwepesi yule mama.”

Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na Siwatu alikuwa amelifikiri sana akiwa kwenye kochi. Kule, neno la kwanza si habari. Neno la kwanza ni mkeka. Unautandika, mwenzio anaketi, na wewe unaketi, mnatazamana, na hapo ndipo mtu anasema, “Ila.” Baada ya ila ndiko watu wanakoishi. Nyumba imeungua, mume amehama, mtoto hajarudi: yote hayo yanakaa nyuma ya ila, na hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuyatafuta mbele yake. Huku hawana mkeka. Huku wanauliza hujambo mara moja tu, na jibu la kwanza ndilo jibu. Mtu wa Huku akiulizwa hali na mganga husema hapohapo, amesimama, koti hajavua, kwamba tumbo limefunga tangu wiki iliyopita na hampendi mama yake. Dirisha la jirani alikuwepo mmoja wa aina hiyo, kijana mrefu. Hata hakungoja kuulizwa. Alilia kwenye sentensi ya kwanza! Wakampa tishu, wakampa namba, wakampitisha ndani kwenye viti. Siwatu alimtazama kwa wivu kama mtu anayemtazama mwenzie akiruka ukuta. Sasa swali lililomkosesha usingizi, yeye aliyesema alhamdulillahi tunalala, ni hili: ikiwa mtu husema mimi mzima kila siku ya maisha yake, na kila anayemsikia anaondoka ameridhika, yule asiye mzima ndani yake anakaa wapi? Anakula nini? Nani anamwitikia hodi? Na je, akichoka kungoja nyuma ya ila, hatakuja kubisha siku moja, peku, bila mzigo, kwenye mlango wa mwenye nyumba mwenyewe?

“Biskuti zimeisha,” akasema Mgeni kutoka benchi.

Siwatu akafungua mkoba bila kufikiri, akampa pakiti nyingine.

“Turudi,” akamwambia Bwana Makame. “Mara hii nalisema la kwanza. Usinisalimie.”

“Nisikusalimie?”

“Kabisa.”

“Itakuwa vigumu,” akasema, lakini akamfuata.

Dirisha likafunguka. Mama wa dirishani alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi na miwani iliyofungwa uzi, si mbaya, anaharakisha tu, na muhuri aliushika kama mtu anayeua nzi. Akauliza swali lake. Bwana Makame akageuka, akafunga macho, akalitafsiri kwa aibu:

“Anakuuliza, hujambo?”

Siwatu akafungua mdomo. Alikuwa amejiandaa. Neno lilikuwa limesimama ulimini, limevaa, tayari kutoka.

“Sijambo,” ukasema mdomo. “Sijui wewe?”

Muhuri ukashuka. Mara hii mkono wa kushoto.

Siwatu akarudi kwenye benchi akaketi kando ya Mgeni, mikono yote miwili mapajani, mizima, imethibitishwa. Bwana Makame akaketi upande wa pili. Ndani ya kichwa cha Siwatu maneno yalikuwa yakipita moja moja, kama watu wanaotoka msibani.

Sijambo. Nani hajambo? Mdomo haujambo. Mdomo wangu mzima kabisa, hauna hata kidonda. Mikono mizima, imeandikwa. Miguu haitaki. Moyo sijui, haujaulizwa. Sijambo. Ningeanguka hapa sasa hivi, mlinzi angekuja, angeniinamia, angesema vipi bibie, ningesema salama, samahani kwa kuwalalia sakafu. Watanizika. Malaika watakuja, wataniuliza. Nitawauliza na wao, hamjambo? Safari je? Sijambo. Sijambo. Kisamvu, mama hajambo.

“Kisa... nini?” akauliza Mgeni, ametega sikio, kumbe maneno ya mwisho yalimtoka Siwatu kwa sauti.

“Hakuna,” akasema Siwatu haraka, akaziba mdomo kwa kanga.

Alipogeuka upande wa pili, amkimbie Mgeni kwa macho, ndipo alipomwona vizuri. Nyuma ya bega la Bwana Makame, mwisho wa benchi, palikuwa na mzee mwingine. Koti la kijivu, kubwa. Kofia ya kiua. Alikuwa amelala kichwa kimeinama, na mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mfuko wa koti la Bwana Makame, kama mtoto anavyoshika nguo ya mama sokoni. Siku zote Siwatu alidhani ni nduguye.

“Bwana Makame, huyo ni nani?”

“Nani?”

“Huyo mwenye kofia kama yako.”

Bwana Makame hakugeuka. Alinyoosha beji yake, ambayo haikuwa imepinda.

“Huyo yuko,” akasema hatimaye. “Ni mtulivu. Anapenda wali wa nazi, basi, hana makuu.”

“Tangu lini?”

“Wewe bibi una maswali.”

“Tangu lini, Bwana Makame?”

“Tangu mke wangu afariki Kule. Sikuwahi kumzika. Karatasi za kusafiria zilikuwa bado ziko dirisha jingine.” Akapangusa goti lake, ambalo halikuwa na vumbi. “Siku niliyopata habari nilikuja kazini. Nilitafsiri mpaka jioni. Wote walikuwa wazima.”

“Na hukwenda dirishani?”

“Nitakwendaje? Nikienda anahitajika mkalimani.” Akacheka kidogo, kicheko kikavu. “Na mkalimani ni mimi. Nilijaribu mara moja. Nilijiuliza hujambo, nikajijibu sijambo. Nikagongwa.”

Akapandisha mkono wa koti. Muhuri ulikuwepo, umefifia, umezeeka pamoja na ngozi.

Siwatu akatazama muhuri ule, akatazama yake. Alitaka kulia akashindwa, kwa sababu kilichotoka ni kicheko. Alicheka mpaka mlinzi akainua macho kutoka kwenye kahawa yake isiyopoa. Na katikati ya kicheko akamkumbuka shangazi Mashavu, si wa bagia, bali wa siku ile ya homa.

Walimpeleka hospitali kwenye mkokoteni wa maji, madumu yameshushwa, amefunikwa shuka, homa imempanda hadi anazungumza na marehemu. Daktari akamwinamia, akamuuliza hali. Shangazi Mashavu akafumbua jicho moja akasema, “Mimi sijambo, mwanangu. Wewe hujambo? Mbona umekonda?” Na hakuna mtu hata mmoja aliyemsikiliza. Nani humsikiliza mgonjwa? Mama yake Siwatu, aliyekuwa amemleta, alisimama kando ya mkokoteni akasema kwa sauti kavu: “Huyu hajala tangu juzi. Halali. Anatapika. Na ana kiburi.” Daktari akaandika yote, mpaka kiburi. Shangazi akapona.

“Bwana Makame!” Siwatu akasimama. Miguu ilikubali, pengine kwa kushtukizwa. “Mimi ni mjinga.”

“Usijitukane.”

“Nimekuja peke yangu. Nani huenda hospitali peke yake? Kule, mgonjwa hasemi. Mgonjwa analetwa. Kazi ya mgonjwa ni kusema sijambo, na kazi ya aliyemleta ni kumkanusha. Mimi nimekuja hapa bila wa kunikanusha, nikategemea nijikanushe mwenyewe. Tangu lini?”

Bwana Makame akafikiri. Alikuwa mtu mwenye kufikiri taratibu, kama anayevuka barabara ya Huku.

“Ni kweli,” akasema. “Marehemu ndiye aliyekuwa akinipeleka mimi. Alikuwa ananisema mbele ya daktari mpaka natamani kutoka nje.”

“Basi leo wewe umenileta mimi.”

“Mimi mkalimani. Mkalimani haruhusiwi kusema lake.”

“Bandua hiyo beji.”

“Bibie...”

“Ibandue. Na leo mimi nimekuleta wewe. Nitakusema yote.”

“Utanisema kwa lugha gani? Ya kwao huijui.”

“Nitakusema kwa Kiswahili, na wewe utatafsiri neno kwa neno. Si hubuni wewe?”

Bwana Makame akaigusa beji. Kisha akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuvua suruali hadharani, akaibandua beji, akaitia mfukoni. Mkono wa yule mzee mwingine, uliokuwa humo mfukoni, ukashtuka ukatoka.

“Na shangazi Mashavu?” akauliza kwa wasiwasi. “Hutasema kwao kwamba mimi...”

“Wewe usiseme na mimi sitasema. Ukisema, nitasema.”

“Haya,” akasema Bwana Makame, na hilo likawa dawa yake ya kwanza.

Siwatu akamshika kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa asianguke. Bwana Makame akamshika cha kwake. Wakaenda dirishani kwa upande upande, kama kaa, kila mmoja anamleta mwenzie.

Mama wa dirishani aliwatazama juu ya miwani. Muhuri ulikuwa tayari hewani.

“Hamjambo?” akauliza, kwa lugha yake.

Midomo miwili ikafunguka pamoja. Siwatu akamkanyaga Bwana Makame mguu, na Bwana Makame akamfinya Siwatu kiwiko, na kutoka kwenye maumivu hayo, kwa mara ya kwanza katika Jumanne nzima, hakuna aliyesema sijambo.

“Mgonjwa ni nani?” akauliza mama wa dirishani, na Bwana Makame akatafsiri.

Kila mmoja akamwonyesha mwenzie.

Halafu Bwana Makame akasema. Alisema kwa lugha ya Huku, bila ya kungoja mtu, na Siwatu hakuelewa neno, lakini alijua kinachosemwa kwa jinsi mgongo wake ulivyopoa. Baadaye Bwana Makame alimweleza. Alisema: huyu bibi analala kwenye kochi, na halali. Hali chakula, anakirimu tu. Kuna mtu nyumbani kwake anayepokea simu ya mwanawe. Anaweza kuwaambia kwamba yeye ni mzima, msimwamini, ndivyo alivyolelewa. Ana kiburi pia.

Muhuri ulibaki hewani. Tone la wino likadondoka mezani.

“Zamu yako,” akasema Bwana Makame.

“Mwambie,” akasema Siwatu, “huyu bwana mkewe alifariki Kule naye hakumzika. Siku hiyo alikuja hapa, dirishani pako, akawasemea watu wote. Tangu siku hiyo anampikia mtu wali wa nazi. Tafsiri.”

Bwana Makame akatafsiri. Alitafsiri kama afanyavyo siku zote, anasimama wima, mikono nyuma, haongezi, hapunguzi. Huyu bwana, akasema. Mkewe, akasema. Mahali fulani katikati ya sentensi sauti yake ilikwama, akaisukuma, ikapita.

“Pole yake,” akasema mama wa dirishani, au kitu kinachofanana na hicho. Akachungulia nyuma yao. “Na huyo bwana yuko wapi?”

“Ndiye mimi,” akasema Bwana Makame.

Mama wa dirishani akaweka muhuri chini. Akafungua droo, akaifunga. Akafungua nyingine. Ilionekana wazi kwamba alikuwa anatafuta muhuri mwingine, na kwamba hakuwahi kupewa. Mwisho akavua miwani, na bila miwani alikuwa mwanamke wa kawaida tu aliyechoka, na Siwatu angeweza kuapa kwamba chini ya meza yake kulikuwa na miguu ya mtu mwingine, peku.

“Kwa nini hamkusema siku zote hizi?” akauliza.

Bwana Makame akatafsiri. Siwatu akajibu:

“Hukungoja salamu ziishe.”

Mama wa dirishani akausogeza muhuri kando. Kisha akanyoosha mkono, akabonyeza kitu, na pembeni ya dirisha mlango ukalia ukafunguka. Ndani vilionekana viti viwili, vya kawaida, vyenye mito, na mtu ameketi mkabala navyo akiwangoja, mikono mitupu, bila muhuri.

“Viti ni viwili,” akasema kupitia Bwana Makame. “Naona ninyi mko wanne.”

Siwatu akageuka. Mgeni alikuwa amesimama kutoka benchi, kanga begani, baka chini ya sikio, anakuja. Nyuma yake anajikokota yule mzee wa koti. Na wakati huohuo simu ikalia mkobani.

Ilikuwa Tunu. Kule shule imetoka, soksi bado miguuni.

Mgeni alikuwa mwepesi. Mkono wake ulishaingia mkobani, unajua njia. Lakini mkoba ulikuwa umejaa pakiti za biskuti, biskuti zake mwenyewe, na mkono ukanaswa humo. Siwatu akaitoa simu kwa upande mwingine.

“Shikamoo mama. Hujambo?”

Mdomo ukajiandaa. Siwatu alihisi ukijiandaa, ulimi unainuka mahali pake pa siku zote. Mgeni alikuwa amesogea karibu kabisa, anatazama midomo yake, anajifunza.

“Marahaba, Kisamvu,” akasema Siwatu. “Mama haumwi kichwa, haumwi tumbo, lakini mama si mzima. Nimeletwa hospitali.”

Jogoo aliwika Kule, saa ya ajabu kama kawaida yao.

“Umeletwa na nani?”

“Na bwana mmoja wa kwetu. Na mimi nimemleta yeye.”

“Kumbe leo ni wewe,” akasema Tunu.

“Ndiyo mimi. Kwani siku nyingine ni nani?”

“Sijui. Kuna mwingine anapokea. Anasema kula vizuri, soma vizuri. Haniiti Kisamvu.” Mtoto akashusha pumzi, na sauti ikawa ya bibi yake kabisa. “Yuko wapi huyo?”

“Yuko hapa. Kanyoosha mkono, anataka biskuti.”

“Usimpe,” akasema Tunu.

Siwatu akamtazama Mgeni. Mgeni akamtazama Siwatu, kwa macho ya mtu asiyewahi kunyimwa. Na malezi yote ya Siwatu, ya mama na bibi na shangazi Mashavu, yakampanda kooni yakitaka kusema karibu, au angalau karibu tena.

Akafunga zipu ya mkoba. Akamshika Bwana Makame kiwiko, wakaingia ndani, na akausukuma mlango kwa kisigino, ukajifunga mbele ya wageni wao wawili.